Kibarua wa Miaka 14

Chini ya kitanda cha mama yetu kuna kopo la bati ambalo wajukuu hawaruhusiwi kulichezea. Zamani lilikuwa kopo la maziwa ya unga. Sasa mna vikaratasi ndani yake, vingine vya manjano, vingine vya rangi ya waridi, na kila kimoja kina tarehe, mhuri, na jina la marehemu baba yetu. Kikaratasi kimoja ni siku moja ya kazi. Jioni kapita alimpa, na siku ya malipo karani alikikata katikati, akabaki na nusu, akamrudishia nusu. Baba hakutupa hata kimoja.

Mwezi uliopita tulivimwaga mkekani, sisi na mdogo wetu wa mwisho, tukaanza kuvihesabu. Tulipofika 2,900 tukaacha, maana vilivyobaki vimeshikana kwa unyevu, na vingine panya amevila. Baba yetu alifanya kazi katika idara moja ya usafiri wa umma. Jina lake hatulitaji, kwa sababu waliokuwa wakubwa wake siku zile wamekwisha kuondoka. Katika vitabu vyao aliandikwa kuwa kibarua wa siku, yaani, kwa desturi yao, mtu aliyeajiriwa asubuhi na kuachishwa jioni. Basi kwa hesabu hiyo aliajiriwa mara 2,900 na zaidi, akaachishwa mara 2,900 na zaidi, wala hakufanya kosa lolote. Alianza mwaka 1999, akatoka mwaka 2013. Mtu wa siku moja alidumu miaka 14.

Kazi yake ilikuwa magurudumu. Mabasi ya umma yaliporudi usiku kutoka katika barabara zetu mnazozijua, halikuwako gurudumu lisilo na jeraha. Alifungua, akaziba mpira, akajaza upepo, akafunga. Upande wa pili wa gari alikuwa jirani yetu, mwenye namba ya matrikule. Baba alishika upande wa kushoto, jirani upande wa kuume. Saa zilikuwa zile zile, vyombo vile vile, kapita yule yule. Tena, si kwa kujisifu, jirani huyo alijifunzia kazi kwa baba yetu, na mwenyewe hakuona haya kusema hivyo. Lakini mwisho wa mwezi jirani alipokea zaidi ya mara mbili ya jumla ya siku za baba, pamoja na fedha ya nyumba, na posho ya watoto, na barua ya kwenda hospitali.

Watu wengi wakisikia habari ya mishahara isiyo sawa hufikiri tofauti ya noti tu. Sisi tuliolelewa ndani yake twajua kwamba noti ni sehemu moja ya jambo. Waulizeni akina mama. Mama yetu na mke wa jirani walikwenda katika duka moja. Mwenye duka alimwandikia mke wa jirani deni la unga, mafuta na sabuni, maana alijua atalipwa mwisho wa mwezi. Mama yetu hakuandikiwa. Mwenye duka hakuwa mtu mbaya, alisema tu, "Mama, bwana wako ana kazi leo. Kesho nitamdai nani?" Hivyo mama alinunua unga kwa kikombe, na anunuaye kwa kikombe hulipa zaidi kuliko anunuaye kwa gunia. Ndivyo ilivyokuwa: nyumba iliyolipwa kidogo ndiyo iliyouziwa kwa bei kubwa. Siku ya Dominika haikuwa na kikaratasi. Siku ya maziko haikuwa na kikaratasi. Noeli, ambayo jirani alilipwa huku amekaa na watoto wake, kwetu ilikuwa siku ya kupungukiwa, na mama alijitahidi sana tusiitambue.

Mwaka 2008 jeki iliteleza, gurudumu likamwangukia baba mguuni. Alikaa nyumbani siku 19. Hakuna aliyempeleka hospitali, kwa kuwa ilipofika jioni, kwa hesabu yao, hakuwa tena mfanyakazi wa mtu yeyote. Aliporudi akichechemea alikuta jina lake limefutwa. Akaandikwa upya mwishoni mwa orodha, chini ya vijana aliowafundisha mwenyewe.

Hapa twafika mahali ambapo ingekuwa rahisi kwetu kuwalaumu wakubwa wa karakana na kuyanyamazia yetu wenyewe. Hatutafanya hivyo.

Mwaka 2013 tulikuwa tumetoka seminari kubwa baada ya masomo ya falsafa, tukaanza ualimu. Kifaransa chetu kiling'aa kama viatu vya Pasaka. Usiku mmoja vibarua 11 wa karakana walikuja nyumbani, wakakaa uani, na baba akawa msemaji wao. Baba aliyetuita siku zote kwa jina la utoto, usiku ule alituita Mwalimu. Alisema, "Mwalimu, tuandikie. Waambie sisi twafanya kazi ile ile ya wenye matrikule. Twadai malipo yale yale, na tuhesabiwe tangu siku tulipoanza."

Maneno hayo yalikuwa mafupi, nasi tukayaona makavu. Seminarini tulifundishwa jinsi ya kuwaandikia wakubwa, nasi tulijua kuweka heshima mbele na shida nyuma. Basi neno "twadai" tukaligeuza kuwa "twaomba kwa unyenyekevu". "Malipo yale yale" tukayageuza kuwa "msaada wowote ambao moyo wako wa kibaba utapenda kutujalia". Habari ya kuhesabiwa tangu siku ya kwanza tukaiacha kabisa, tukiogopa itaonekana kuwa tamaa. Ilikuwa barua nzuri. Tuliisoma mara mbili kwa kupendezwa nayo.

Baada ya majuma matatu mkuu wa karakana aliwaita wote 11 uani. Aliisifu barua, akauliza ni nani aliyeiandika. Akawagawia kila mtu gunia la unga wa mahindi la kilo 25 na miche miwili ya sabuni. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kanisa, akawakumbusha mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu: kwamba kila mmoja alipatana na mwenye shamba, na mwenye mali ana ruhusa kufanya na mali yake apendavyo. Wakapiga makofi, wakatawanyika.

Baba alilileta gunia, akaliweka mlangoni, hakuliingiza ndani. Akatuuliza, "Barua ilisema nini?" Yeye hakujua Kifaransa. Tukaileta nakala, tukamfasiria neno kwa neno, na kadiri tulivyoendelea sauti yetu ilizidi kupungua. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi sikuomba unga." Baadaye, alipokwisha kunawa, akaongeza juu ya ule mfano: "Katika shamba lile, hata aliyekuja saa 11 alipewa fedha ya siku nzima. Hakuna aliyekatwa. Mkuu amesoma upande wake tu."

Unga tuliula, maana watoto walikuwa na njaa. Baada ya Desemba ya mwaka ule baba hakuandikwa tena. Sababu hakuambiwa, kibarua wa siku haambiwi sababu. Alifariki mwaka 2017.

Twaeleza haya kwa kuwa tangu siku ile tumekuwa tukitafuta watu wengine waliodai jambo hilo hilo, tujue walisema nini na wakajibiwa nini. Wa kwanza tuliwakuta mahali ambapo tungaliweza kuwakuta mapema. Katika maktaba ya seminari mlikuwa na kitabu cha Sembène Ousmane kilichotolewa mwaka 1960, juu ya mgomo wa watu wa reli katika nchi za Senegal na Mali. Tulikisoma tukiwa vijana, tukafanyiwa mtihani juu yake, tukapata alama nzuri. Tulikisoma kama hadithi. Haikutujia kamwe kwamba habari ile ilikuwa habari ya vikaratasi vya baba.

Mgomo wenyewe ulikuwa wa kweli. Reli ya Afrika ya Magharibi ya Wafaransa ilikuwa mali ya umma, na njia zake zilitoka pwani kwenda bara: moja kutoka Dakar mpaka mto Niger, nyingine kutoka Conakry, nyingine kutoka Abidjan, nyingine katika Dahomey, ambayo leo ni Benin. Mwaka 1946 ilikuwa na Wazungu 478, na Waafrika 1,729 walioandikwa katika madaraja ya kazi, wenye haki zinazojulikana. Waliobaki, watu 15,726, waliitwa "wasaidizi". Tazameni hesabu hiyo, wasomaji. Katika kila Waafrika kumi wa reli ile, tisa walikuwa wasaidizi. Walimsaidia nani, basi? Walitengeneza njia, walipakia, walitia makaa, walifanya kazi za karakana, wengine kwa miaka mingi. Lakini kwa maandishi walikuwa watu wa muda. Nyumba hawakupewa, posho za wenye daraja hawakuzipata, na kumwondoa mmoja wao halikuwa jambo gumu. Neno "msaidizi" lilifanya kule kazi ile ile iliyofanywa kwetu na neno "kibarua".

Makao ya watu hao yalikuwa Thiès, mji wa karakana kubwa, karibu na Dakar. Mwaka 1946 vijana wa chama cha wafanyakazi walibadilisha viongozi, kwa kuwa waliona wale wa kwanza walijishughulisha na wenye daraja na kuwasahau wasaidizi. Wakamweka Ibrahima Sarr. Huyu alikuwa karani, mtu aliyesoma shule, tena mwenye daraja. Angeweza kutulia katika kiti chake. Yeye na wenzake walidai orodha moja ya madaraja kwa watu wote wa reli, weupe kwa weusi, na kwamba wasaidizi waingizwe humo.

Mwezi wa Aprili 1947 walisimamisha kazi kwa siku chache, wakati Rais wa Ufaransa, Vincent Auriol, alipokuwa amefika Dakar, na wakapata ahadi. Baadaye wakuu wa reli walirudi nyuma, wakieleza gharama zitakazoongezeka. Ndipo tarehe 10 Oktoba 1947 kazi ilisimama katika njia zote. Watu wapata 20,000, pamoja na wale wa gati, waliweka chini vyombo. Wa njia ya Abidjan walirudi kazini Januari 1948, lakini wengine walishikilia mpaka tarehe 19 Machi 1948. Miezi mitano na zaidi bila mshahara! Sisi tunaojua jinsi majuma matatu bila kikaratasi yalivyo, twajiuliza walikula nini. Walikula kwa jamaa. Wengi walirudi vijijini kwao, na mavuno yalikuwa yameingia. Wafanya biashara walitoa. Akina mama walitegemeza nyumba kwa shamba na soko. Bila jamaa na kijiji cha nyuma yao wasingaliweza kudumu.

Walipata nini? Twataka kusema yote, yasiyopendeza nayo. Hakuna aliyeadhibiwa kwa kugoma. Mishahara iliongezwa kwa asilimia 20. Wasaidizi waliingizwa katika madaraja, lakini kidogo kidogo, wala si wote. Kabla ya mgomo wenye daraja walikuwa asilimia 12 tu ya watu wa reli. Mwaka 1950 walikuwa wamepita asilimia 30. Tena baadaye wakuu walipunguza idadi ya wafanyakazi, na walioondolewa hawakuwa wenye viti. Lakini liko jambo moja lililotuchoma zaidi ya mengine. Katika mabishano yao, neno mojawapo lililoshindaniwa sana lilikuwa tarehe: wanaoingizwa wahesabiwe kuanzia siku gani? Watu wale walikaa na njaa kwa ajili ya tarehe. Sisi neno hilo la tarehe tulilifuta katika barua ya baba kwa kalamu yetu wenyewe, kwa sababu halikulingana na adabu.

Labda mmoja wenu atasema: hizo ni habari za mgomo, nasi tuna watoto, hatuwezi kugoma. Haya, tutazame njia ya mahakama, na kwa njia hiyo twende mbali kidogo, mpaka India. Huko vibarua wa siku katika kazi za serikali ni wengi sana, na kwa miaka zaidi ya arobaini wamepeleka shauri lao mbele ya Mahakama Kuu ya nchi. Mwaka 1982 dereva mmoja wa polisi ya Delhi, Randhir Singh, alilalamika kwamba analipwa chini ya madereva wa idara nyingine, hali kazi yake si ndogo kuliko yao. Mahakama ilimkubalia. Lakini msifikiri mlango ulifunguka wote. Mwaka 2006 majaji wa mahakama hiyo hiyo walisema kwamba kufanya kibarua kwa miaka mingi, peke yake, hakumpi mtu haki ya kufanywa mwajiriwa wa kudumu. Wengi walikata tamaa.

Kisha tarehe 26 Oktoba 2016, katika shauri la wafanyakazi wa muda wa jimbo la Punjab, majaji wawili walitenganisha mambo mawili tuliyozoea kuyachanganya. Kuwa wa kudumu ni jambo moja; kulipwa sawa ni jambo jingine. Kibarua afanyaye kazi ile ile, hata asipofanywa wa kudumu, apewe angalau kiwango cha chini cha mshahara wa wale wa kudumu. Tena walilijibu neno lile la mkuu wa karakana yetu, ijapokuwa hawakupata kumsikia, kwamba kila mtu alipatana bei asubuhi. Walisema kwamba mtu akubaliye malipo pungufu hakubali kwa hiari. Anakubali ili jamaa yake ipate chakula na mahali pa kulala, naye anailipa kwa heshima yake. Tuliposoma hayo tulikumbuka gunia lililokaa mlangoni.

Majaji waliweka sharti moja, nalo ni gumu. Anayedai ndiye atakayethibitisha kwamba kazi ni sawa. Haitoshi kusema, lazima aonyeshe kazi yake na kazi ya yule mwingine, uzito wake, wajibu wake, siku zake. Na kibarua ataonyesha kwa karatasi gani, yeye ambaye karatasi zote ziko kwa karani?

Tukarudi nyumbani, tukauliza sheria ya Kongo yasemaje. Na hapa aibu yetu iliongezeka. Sheria ya Kazi ya nchi yetu ni ya tarehe 16 Oktoba 2002. Kifungu cha 86 chasema kwamba hali ya kazi, ujuzi na matokeo vikiwa sawa, mshahara huwa sawa kwa wote, bila kutazama asili, jinsia wala umri. Kifungu cha 40 ni kama kiliandikwa kwa ajili ya kopo la mama: mtu anayeajiriwa siku kwa siku, akiwa amefanya kazi siku 22 katika muda wa miezi miwili, na akiajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake wahesabiwa kuwa mkataba usio na mwisho uliowekwa. Siku 22! Baba alizimaliza katika mwezi mmoja, kila mwezi, mwaka kwa mwaka. Ugomvi wa namna hiyo hupelekwa kwanza kwa mkaguzi wa kazi, ajaribu kuwapatanisha, kabla ya kwenda mahakamani. Tulipoandika ile barua nzuri, sheria hiyo ilikuwa imekwisha kutimiza miaka 10. Hatukutaja hata kifungu kimoja. Tulijua Kilatini.

Tena sisi wenyewe hatukuwa na udhuru wa kutoelewa. Miaka minne ya kwanza ya ualimu wetu hatukuwa katika orodha ya malipo ya Serikali, kama walimu wengi wa nchi hii. Tulikula michango ya wazazi. Darasani kwa pili palikuwa na mwenzetu aliyekuwa na namba. Wanafunzi wake walikuwa 50, wetu 54. Alipopokea mshahara alitununulia sukari. Tulimshukuru, na hatukumwambia kwamba sukari si jibu. Namba yetu ilipofika hatimaye, ile miaka minne haikurudi nayo.

Sasa tusimulie lililotufanya tumwage vikaratasi mkekani.

Mdogo wetu ni mkata tiketi katika basi la umma. Alianza mwezi wa Machi, kwa siku, kama baba. Anapanda gari saa 10 ya usiku na kushuka saa 1 ya jioni. Na katika mabasi mengine ya njia ile ile wako wakata tiketi wenye matrikule, wanaopanda saa hizo hizo na kushuka saa hizo hizo, wakipokea nauli ile ile kwa noti zile zile zilizochakaa. Juma moja alikuja kwetu baada ya Misa, akasema, "Yaya, niandikie barua." Tulijisikia kama mtu aliyeitwa na marehemu.

Kabla hatujamjibu, akatoa daftari ya shule. Tangu siku ya kwanza ameandika tarehe, namba ya basi, njia, saa ya kupanda, saa ya kushuka, na jina la dereva. Hakuambiwa na mtu. Alisema alikuwa akimtazama baba anavyoweka vikaratasi koponi, akafikiri ndivyo wafanyavyo watu wa kazi.

Mama hakufurahi. Alikaa kwenye kigoda, akasema, "Baba yenu kwa barua yenu alipata gunia moja, akapoteza kazi. Mnataka na huyu arudi nyumbani? Leo analeta kidogo, lakini analeta." Tulimheshimu, hatukumpinga, maana hakusema uongo. Wenzake mdogo wetu walikuwa wanane waliopatana. Waliposikia neno "mkaguzi" watatu walijitoa, na mmoja wao ana mke mjamzito. Nani atamhukumu? Sisi tunakaa darasani na namba yetu mfukoni. Ni vyepesi kumwambia mwingine awe hodari.

Hivyo tulimwuliza mdogo wetu waziwazi kama yuko tayari kuambiwa asirudi kesho. Akajibu, "Yaya, naambiwa hivyo kila jioni."

Alhamisi usiku tulikuwa tumekaa mezani pamoja na wale waliobaki, mara hodi mlangoni. Alikuwa mtoto wa jirani yetu wa zamani, yule wa upande wa kuume wa gari. Naye ni mkata tiketi, na ana matrikule. Hatukuwa tumemwita. Alimwamkia mama kwa heshima, akaketi, akatoa karatasi yake ya mshahara iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya meza karibu na daftari. Akasema baba yake kabla ya kufa alimwambia habari ya barua ya vibarua, na jinsi yeye alivyosimama kando siku ile uani, akitazama magunia yakigawiwa, asiseme neno. "Andikeni kazi yangu na kazi yake," alisema. "Wakiniuliza, nitasema ni moja." Tukamkumbusha kwamba naye ana watoto. Akasema anawajua watoto wake.

Basi tumeandika. Mara hii tumeandika kwa Kiswahili kwanza, ili wote walioweka sahihi wasome wenyewe, ndipo tukafanya Kifaransa chake, bila kuongeza neno. Ukurasa wa kwanza una tarehe 22, moja chini ya nyingine, na mbele ya kila tarehe namba ya basi. Chini yake vifungu viwili vya sheria. Chini yake malipo ya mmoja na malipo ya mwingine. Ndipo neno la baba, kama alivyolisema: twadai malipo yale yale, na tuhesabiwe tangu siku tulipoanza. Kesho asubuhi itapelekwa kwa mkuu, na nakala kwa mkaguzi wa kazi.

Tulipomaliza, mama, ambaye alikuwa amenyamaza muda wote akichambua maharage, akauliza, "Na hii inasema nini?"

Tukamsomea yote. Akaweka ungo chini.

"Soma tena," alisema, "pale penye tarehe."